Dauerschlaf au koma ya insulini: ni tiba ipi ya zamani ya wagonjwa wa akili iliyotisha zaidi?

Aliyeipa umaarufu Dauerschlaf, yaani usingizi wa kutibu wa siku nyingi, ni daktari Jakob Klaesi wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Burghölzli, Zürich, kuanzia 1920. Wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, walidungwa Somnifen, mchanganyiko wa babitureti (dawa kali za usingizi), wakalala siku kadhaa mfululizo, wakizinduliwa kidogo tu kula na kwenda haja. Kati ya 26 wa mwanzo, 3 walifariki. Aliyelala hivyo hakohoi vizuri. Makohozi hutuama kifuani, nimonia ikaingia.

Koma ya insulini ya daktari Manfred Sakel, Vienna, miaka ya 1930, nayo kwa wagonjwa wa skizofrenia, ilikuwa ya saa chache: sindano ya insulini asubuhi kabla ya kula, sukari inashuka, jasho linamtiririka mgonjwa hadi anapoteza fahamu, kisha anarudishwa kwa maji ya sukari kupitia mpira wa puani. Kesho tena, kwa wiki kadhaa. Nayo iliua.

Kwangu, Dauerschlaf ilitisha zaidi, maana hatari yake haikukoma usiku wala mchana. Kwa upande wa kutibu, mwaka 1957 madaktari wa London walilinganisha koma ya insulini na kupoteza fahamu kwa babitureti: hawakuona tofauti. Inaelekea wagonjwa walisaidiwa zaidi na wauguzi waliokaa kando ya vitanda vyao.