Mwaka mzima na Miss Read: riwaya za kijiji cha Uingereza nilivyozisoma mwezi kwa mwezi

Kitabu cha kwanza nilikinunua pauni moja. Niliingia duka la hisani, linalouza vitu vilivyotolewa na watu kuchangia misaada, kutafuta sweta, nje kuna mvua ile ya Uingereza isiyonyesha wala kukatika, nikatoka bila sweta, mkononi nina Village School ya Miss Read. Jalada limechakaa, gundi ya mgongoni imekauka, na ndani mtu aliandika kwa wino "Krismasi 1978". Kilichonivuta ni vichoro vidogo vya John S. Goodall vilivyomo humo. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mwaka wangu wa pili hapa Berkshire, kusini mwa Uingereza, na nisiwafiche, nchi yenyewe nilikuwa nimeshaichoka.

Baridi inazoeleka, unajifunika tu. Kinachommaliza mtu ni giza. Desemba jua linachomoza saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limeshazama. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, shifti ya saa moja asubuhi hadi saa moja jioni. Naingia giza, natoka giza. Kuna wiki jua nililiona kupitia dirishani tu, beseni mkononi.

Basi nikaanza kusoma kwenye basi. Miss Read ni jina la kwenye jalada na ndilo jina la msimulizi, mwalimu mkuu wa shule ndogo ya kijiji cha Fairacre. Mwandishi mwenyewe ni Dora Saint, aliyekuwa mwalimu kweli. Alizaliwa 1913, Village School ikatoka 1955, akaendelea kuandika hadi 1996, na alifariki 2012 zikiwa zimebaki siku kumi atimize miaka 99. Miaka mingi aliishi Shefford Woodlands, hapahapa Berkshire. Fairacre haipo kwenye ramani, lakini vilima vyake vya chokaa ndivyo hivi ninavyoviona nikiwa kwenye basi.

Habari yenyewe ni ndogo. Shule ina vyumba viwili na walimu wawili. Kuna Miss Clare, mwalimu mzee wa watoto wadogo ambaye afya inamwacha. Kuna Mr Willet, anayechimba makaburi, anayetunza kanisa, anayerekebisha kila kilichovunjika. Kuna kasisi. Hakuna anayeuawa. Kitabu kimegawanywa kwa mihula mitatu ya shule, na kila muhula una hali ya hewa yake. Nikiwa nimefika kurasa kama hamsini nikawa bado nangoja kisa kianze. Mwishowe nikaelewa kwamba kisa ndicho hichohicho: baridi inakuja, baridi inaondoka, na watu wana kazi zao.

Ila aliyenishika hasa ni Mrs Pringle, mfanya usafi wa shule.

Shule inapata joto kutoka majiko mawili ya chuma, na majiko hayo ni ya Mrs Pringle kuliko ya serikali. Anayapaka dawa nyeusi, anayasugua mpaka yanameta, na ole wake atakayedondosha punje ya makaa sakafuni. Mwalimu mkuu akitaka moto uwashwe mapema kuliko Mrs Pringle alivyopanga, mguu wa Mrs Pringle unaanza kuuma, anachechemea kwa kishindo darasani kote ili kila mtu aone anavyoteswa. Wasomaji wengi wanamcheka, na mwandishi naye anataka tucheke. Nilicheka. Lakini mimi ndiye ninayeingia saa moja asubuhi chumba cha mtu kumwashia hita na kumtoa kitandani, kwa hiyo jicho langu halikutoka kwake. Watu wanasema riwaya hizi zina joto, zinafariji, soma na blanketi na kikombe cha chai. Sawa. Lakini kwenye kitabu hiki joto lina mwenyewe. Kuna mtu amedamka kabla ya wengine, amepiga magoti, mikono imekuwa myeusi, na hakuna anayemshukuru. Huyo ana haki ya kuchechemea.

Sehemu hiyo niliisoma kwa sauti kazini, kwa bibi mmoja wa miaka 88 aliyekulia kijijini. Kazini tunaambiwa wazee tuwaite kwa majina yao ya kwanza, wenyewe ndivyo wapendavyo. Mtu wa umri wa nyanya yangu nimwite kama naita mtoto mwenzangu! Nilishindwa. Namwita Bibi, aliuliza maana yake, nikamweleza, akasema imekaa vizuri. Basi siku hiyo nasoma habari za jiko, naye macho amefumba, nikadhani kalala. Mara nikaona ngumi yake inazunguka juu ya blanketi, taratibu, mizunguko midogomidogo, kisha kidole kinaingia kwenye kona isiyoonekana. Anasugua jiko. "Kitambaa cha soksi kuukuu," akasema, "ndicho kinachong'arisha." Halafu akanieleza maziwa ya shule: chupa zilifika zimeganda, mwalimu anazipanga kuzunguka jiko, na ikifika saa ya kunywa maziwa yana uvuguvugu wa kutapisha. Alikunja uso vilevile kana kwamba chupa iko mbele yake. Dora Saint ni mwandishi mzuri, lakini uso ule ulimshinda.

Januari nikaagiza kitabu cha pili, Village Diary, kwa muuzaji wa mitumba mtandaoni. Nitamrudia huyo baadaye. Kitabu hiki ni shajara ya mwalimu yuleyule, sura kumi na mbili, Januari hadi Desemba. Nikajiwekea sharti: kila mwezi nisome sura yake, basi, nisivuke.

Hapa niseme kidogo kuhusu majira, maana ndiyo yaliyonifanya niandike haya. Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga. Kwetu mwaka unahesabiwa kwa mvua na upepo: masika, vuli, kusi, kaskazi. Kamusi zetu zikifika Uingereza zinahangaika. Wakati majani yanapoanguka wengine wanauita vuli, na hapo mtu wa Tanga anapotea kabisa, kwa sababu vuli ni mvua ya kupandia, siyo miti kufa. Uingereza mvua haikuambii kitu, inanyesha mwaka mzima. Huku unasoma mwanga, na unasoma vitu vya chini, karibu na miguu. Mimi sikuwa najua kutazama chini. Kitabu ndicho kilichonifundisha.

Mwishoni mwa Januari nikaanza kuviona vile viua vyeupe vinavyoinamisha kichwa, snowdrop, chini ya ukuta wa maegesho ya magari kazini. Mwaka uliotangulia vilikuwepo palepale na nilivipita kila siku. Machi nikawaona kunguru wao wakigombea vijiti juu ya miti isiyo na jani hata moja. Mei kingo za barabara zikajaa maua meupe mpaka basi likawa linayapangusa kwa ubavu. Na Juni, jamani. Saa tatu usiku jua bado liko. Unamaliza shifti, unakula, unafua, unatoka nje na bado unasoma bila taa. Sura ya Juni niliisoma mara mbili, nimekaa kwenye ngazi za nyuma, miguu peku.

Sharti nililivunja mara moja. Februari kulikuwa na shifti za usiku mfululizo, nikasoma Machi na Aprili zote usiku mmoja, kama mtu anayeiba sukari. Ilikuwa hasara. Machi ilipofika yenyewe sikuwa na cha kusoma, ikabidi nirudie, na haikuwa na ladha ileile.

Kitu kingine kilichonigusa ni sikukuu ya mavuno, ambayo iko kwenye Village School. Watoto wanapeleka kanisani maboga, matofaa, masuke ya ngano, wanayapanga madirishani. Sisi Waanglikana wa Muheza sikukuu hiyo tunaijua sana, na ya kwetu ina kelele zaidi. Kwetu baada ya ibada kuna mnada: jogoo, mkungu wa ndizi, gunia la machungwa, mzee mmoja anapandisha bei ya embe moja hadi watu wanapiga vigelegele. Septemba nilikwenda kanisa la kijiji cha jirani nione yao. Kulikuwa na makopo ya maharage mengi kuliko mazao ya shamba, yote yanakwenda kwa wenye shida. Hakuna mnada. Nilikaa nikimsikiliza kasisi huku mkono wangu unawasha kunadi.

Sasa kasoro, maana zipo.

Kwanza, kitabu kina mwendo wa kobe. Ukitaka kisa kinachokimbia, acha. Majina ya mimea na ndege ni mengi kupita kiasi, nusu niliyatafuta kwenye simu kwa picha. Wanakijiji wanasemeshwa Kiingereza chao cha kimashamba, herufi zimekatwakatwa, na anayejifunza Kiingereza atateseka kidogo. Dawa niliyoigundua ni kusoma kwa sauti. Maneno yanayokataa machoni yanakubali masikioni.

Pili, na hili ni zito zaidi kwangu, kuna familia ya Coggs. Baba mlevi, watoto wengi, nguo chakavu. Joseph, mtoto wao, anaandikwa kwa upendo wa kweli, nisimwonee mwandishi. Lakini familia nzima inatazamwa kutoka juu, kutoka dirisha la nyumba ya mwalimu, na mzaha mwingi unaangukia upande wao. Mimi niliyekwenda shule na kandambili za kaka yangu nilijikuta nimesimama na akina Coggs muda wote, namwangalia mwalimu. Watu wanaosafiri na mikokoteni nao wanaitwa na kuelezwa kwa namna ya miaka ya hamsini, utakutana nayo na itakukera. Ijue mapema.

Kitabu cha tatu nilichosoma, Storm in the Village cha 1958, kilinishangaza. Hapo kuna mpango wa kujenga mtaa mzima wa nyumba kwenye shamba la kijiji, kwa ajili ya wafanyakazi wa kituo cha utafiti wa atomiki. Nilidhani ni mambo ya kutunga mpaka nikakumbuka Harwell, si mbali na hapa, ambako kituo cha namna hiyo kilianzishwa 1946. Kumbe hata kijiji hiki cha chai na keki kilikuwa na nyuklia nyuma ya kilima! Wazo zuri, lakini kitabu chenyewe kimenyooshwa sana, mapenzi ya mwalimu kijana yananichosha, na mwisho unakuja kwa urahisi mno.

Village School naipa nyota nne kati ya tano. Storm in the Village mbili na nusu. Village Diary ningeipa tano, ila nina sababu ya kusita, na hapa ndipo ninapomrudia yule muuzaji.

Ushauri wa pesa kwanza: kama uko Uingereza, usianze kwa kununua. Kadi ya maktaba ya umma ni bure, unaazima bure, na kitabu kisichopo tawi lako kinatafutwa tawi jingine. Angalia pia vile vibanda vyekundu vya simu vijijini, vingi siku hizi vimegeuzwa rafu za vitabu, unachukua kimoja unaacha kimoja. Na maduka ya hisani, ambako pauni moja hadi mbili inatosha. Ukinunua mtumba mtandaoni, kifungue siku hiyohiyo, kihesabu kurasa, usiwe mjinga kama mimi.

Mimi sikukifungua chote. Sharti langu lilikuwa nisivuke mwezi, kwa hiyo kurasa za mbele sikuzigusa kabisa, hata kuchungulia. Muuzaji aliandika "hali nzuri sana". Nikaamini. Wiki iliyopita, katikati ya sura ya Novemba, nikahisi kitabu ni chembamba mno upande wa kulia. Nikageuza. Novemba inakwisha, halafu jalada. Desemba yote imeng'oka, na kwenye mshono kumebaki vipande vya karatasi kama meno. Nikamwandikia muuzaji. Akajibu kwa upole kabisa kwamba muda wa kurudisha bidhaa ni siku thelathini, na mimi nimekaa nayo miezi kumi. Nitamjibu nini? Nimweleze kwamba nilikuwa nangoja Desemba?

Nilipomsimulia Bibi alicheka mpaka nikamshika mgongo. Akasema huenda aliyeichana ilimfaa kuwashia jiko.

Maktaba wamenitumia ujumbe, nakala imepatikana tawi la mji wa pili. Leo ni tarehe 26 Novemba. Nikienda kuichukua naiweka juu ya kabati mpaka tarehe mosi, ila safari hii kurasa nazihesabu palepale kaunta, macho nimeyakodolea namba za chini tu.