Mkahawa wa Kiitaliano Mtaani Kwetu Milimani, Nakuru: Uzoefu Wangu

Niliujua mkahawa huu kupitia mayai. Mama anayeniuzia mayai ya kienyeji alianza kuishiwa mapema, na nilipomuuliza akanijibu, "Kastoma, trei zote zinaenda kwa hiyo hoteli ya Kitaliano hapo juu. Wanataka yale yenye kiini cha njano kabisa." Jiko linalochagua mayai kwa rangi ya kiini lina mtu anayejua anachofanya. Jioni ile ile nikaenda na mke wangu.

Mkahawa uko ndani ya nyumba ya zamani ya mawe, upande wa juu wa Milimani, penye miti mikubwa. Hauna bango kubwa, kwa hiyo ni rahisi kuupita. Meza ni chache, nyingine ziko barazani, na kando ya mlango kuna mirehani na rosemari zinazochumwa sahani ikishaagizwa. Muziki ni wa chini kiasi kwamba mnasikizana. Hilo peke yake, Nakuru siku ya Ijumaa, ni jambo la kushukuru.

Mpishi mkuu ni kijana wa Malindi. Wataliano wamekuwa Malindi tangu miaka ya 1960, baadhi wakija kwa kazi ya kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco kule Ngomeni, wengine kwa ajili ya bahari, na waliobaki wakafungua hoteli na mikahawa. Vijana wengi wa pale wamejifunzia upishi katika majiko hayo. Huyu wetu aliingia kama mwosha sufuria, akapanda hadi kukanda unga. Anapopata nafasi hutoka jikoni na kusimama kando ya meza, na ukimuuliza swali hujibu bila haraka. "Kaka, ukiweka vitu vingi unaficha," aliniambia. "Mimi nataka uisikie nyama, ulisikie na yai."

Basi anzeni na taliatele, zile tambi pana. Hazitoki kwenye pakiti. Hukandwa asubuhi kwa unga wa ngano na mayai, yai moja kwa kila gramu 100 hivi za unga, donge likapumzishwa, kisha likasukumwa jembamba hadi karibu uone mbao za meza chini yake. Tambi kavu za dukani, zilizo nzuri, hutengenezwa kwa ngano ngumu ya duramu na maji. Tambi za mayai za upande wa Bologna, kaskazini mwa Italia, hutaka unga laini zaidi, na unga huo tunao. Tunaishi mlango wa pili na Njoro, ambako ngano imelimwa tangu enzi za walowezi na ambako watafiti wa nchi nyingi huleta mbegu zao zipimwe dhidi ya kutu ya shina, ugonjwa wa ngano. Kwa hiyo sahani ile, kuanzia unga hadi yai, ni ya hapa hapa. Mbinu ndiyo ya Italia.

Juu yake huja ragu, yaani mchuzi wa nyama. Wengi wetu tumelelewa na spageti na nyama ya kusaga, nyanya nyingi, dania, na kiungo cha pakiti. Mimi bado naipenda ile, na watoto wangu pia. Ragu ya Bologna ni chakula kingine. Nyama hukaangwa na kitunguu, karoti na seleri zilizokatwa ndogo sana, ikatiwa divai, nyanya kidogo tu, na maziwa, kisha ikaachwa kwenye moto mdogo kwa saa mbili na zaidi. Mwaka 1982 Accademia Italiana della Cucina, taasisi ya Italia ya mambo ya upishi, ilisajili mapishi hayo katika chama cha wafanyabiashara cha Bologna, na maziwa yamo. Ndiyo yanayoifanya nyama iwe laini na kuupoza ukali wa nyanya. Pale mtaani rangi ya mchuzi ni ya kahawia kuliko nyekundu, hautelezi ukabaki chini ya sahani, unashika tambi. Mke wangu, ambaye huwa haongei akila kitu kizuri, alinyamaza muda mrefu.

Jambo la heshima ambalo sijaliona kwingine: kabla hujaagiza, mhudumu anakuuliza kama unakula nguruwe na kama unatumia divai. Ragu ya kawaida ina nguruwe kidogo, lakini kuna sufuria ya pili ya nyama ya ng'ombe tupu, isiyo na divai, na haina bei tofauti. Nimewahi kwenda na mwenzangu wa kazini ambaye ni Mwislamu na alikula bila wasiwasi.

Sasa, ukichagua spageti kavu, usishangae ikichelewa. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Dakika zilizoandikwa kwenye pakiti ni za watu wa tambarare. Mpishi aliniambia kwamba wiki zake za kwanza hapa zilikuwa vita. Malindi alikuwa akipika kwa mazoea ya mkono, Nakuru tambi zile zile zikawa zinatoka na unga mbichi katikati, na akiziacha mno zinalainika nje. Ilibidi ajifunze upya, sufuria kubwa zaidi, tambi chache kwa awamu, kuonja kila mara. Leo zinakuja zikiwa na ukinzani kidogo katikati, jinsi inavyotakiwa. Kama umezoea tambi laini kabisa, sema mapema, watakuongezea dakika wala hawatakutazama vibaya.

Lakini sahani ninayoipenda kupita zote ni nyoki. Ni vidonge vidogo vya viazi, unga kidogo na yai, vikichemshwa hadi viibuke juu ya maji, kisha vikakaangwa kwenye siagi iliyotiwa rosemari. Viazi vinatoka Molo. Nyoki inaharibiwa na maji: kiazi chenye maji mengi kinadai unga mwingi, na unga mwingi unafanya kidonge kiwe kigumu. Kwa hiyo hawatumii viazi vilivyotoka shambani jana. Huvichemsha na maganda yake, huvimenya vingali moto na kuviacha vifuke mvuke kabla ya kukanda. Mtu aliyekulia mkoa wa viazi kama mimi, aliyekula mukimo tangu utotoni, anajua kiazi kizuri akikipata mdomoni. Hiki ni kiazi kizuri kilichoheshimiwa. Siku ambazo wana mchuzi wa kondoo wa Molo uliopikwa taratibu, agiza nyoki pamoja nao na usiangalie ukurasa mwingine wa menyu.

Pitsa ni ya wastani, na nalisema hili kwa sababu watu wengi wataenda kwa ajili yake. Pitsa ya Napoli hutaka tanuri la kuni lenye joto la zaidi ya nyuzi 400, na huiva kwa sekunde 60 hadi 90. Oveni ya gesi ya pale haifiki huko. Inachukua dakika kadhaa, na ukingo unatoka mkavu, hauna yale mabaka meusi na ulaini wa ndani. Donge lenyewe ni zuri, limelala siku nzima likiumuka, na mozarela, lile jibini jeupe, ni ya Kenya, mbichi, yenye maziwa ndani. Wakijenga tanuri la kuni nitarudi kuandika upya. Kwa sasa iagizieni watoto, na muombe mafuta ya pilipili yawekwe mezani. Ni makali kweli kweli.

Tiramisu, kitindamlo chao cha kahawa na krimu, ni tamu kupita kiasi kwangu. Espreso ni nzuri, chungu bila kuunguza.

Bei: taliatele shilingi 900, nyoki 750, pitsa kuanzia 1,000, espreso 200. Si bei ya kila wiki kwa familia ya watu wanne, nakiri, lakini kwa chakula kinachoanza kukandwa asubuhi na mtu anayelipwa kwa ujuzi wake, naona ni haki. Wanapokea M-Pesa na taslimu. Sahani hujaa vya kutosha. Safari moja mke wangu alibakiza, mpishi akaja mwenyewe, "Shemeji, kuna kasoro?" Akaeleza kwamba ameshiba tu, naye akamfungia kilichobaki kwenye boksi la karatasi na maelekezo ya kukipasha: kikaangoni, vijiko viwili vya maji, moto mdogo, wala si kwenye maikrowevu.

Huduma ni ya polepole pakijaa, kwa sababu kila tambi inachemshwa ukishaagiza. Wahudumu wangesaidia kwa kusema mapema kwamba mtasubiri, na kwa kuleta mkate pamoja na maji badala ya kungoja waombwe. Kutoka katikati ya mji boda boda inafika kwa muda mfupi, na maegesho yapo ndani ya ua. Jumatatu hawafungui. Jumapili mchana pale hujaa familia zinazotoka kanisani, kwa hiyo mkiwa zaidi ya wanne wapigieni simu Jumamosi, na muulize kama kondoo atakuwepo.