PTSD Coach: aplikesheni ya bure kwa waliotoka vitani, nzuri sana ila usiishie hapo

Naandika hii kwa wenye mtu nyumbani aliyetoka jeshini, mtu ambaye ukimtajia tu daktari wa akili anabadilisha mada au anatoka nje. PTSD ni maumivu ya akili yanayobaki kwa mtu baada ya tukio la kutisha, kama vita. PTSD Coach ni programu ya simu iliyotengenezwa na Kituo cha Taifa cha PTSD cha Marekani, kilicho chini ya wizara inayohudumia maveterani, yaani waliowahi kutumikia jeshi, kwa kushirikiana na Wizara ya Ulinzi ya huko, na imeanza kutumika mwaka 2011. Ipo kwenye iPhone na Android, ni bure kabisa, haina matangazo na hakuna sehemu ambayo katikati ya safari inakuambia lipia kwanza ndo uendelee. Kaka yangu alitumikia jeshi la Marekani akapelekwa Afghanistan, anaitumia mpaka leo, na mimi nimeiweka kwenye simu yangu nikaipekua yote ili nijue anachokiona.

Kitu kikubwa kuliko vyote, na kwangu hiki peke yake kinatosha kuipa alama nzuri, haitaki akaunti. Hakuna jina, hakuna imeili, hakuna namba ya kijeshi, unaifungua na kuanza. Kwa mtu wa kawaida hilo ni dogo, ila kwa askari ndo penyewe, maana wengi hawakatai tiba kwa sababu hawaumwi, wanakataa kwa sababu ya faili. Aliye bado kazini anawaza cheo, anawaza kibali chake cha kushika mambo ya siri, anawaza wenzake watamwonaje kamanda akijua. Aliyestaafu naye kazoea hivyo hivyo, miaka yote kafundishwa avumilie. Kaka aliniambia, "Mdogo wangu, hii ndo kitu ya kwanza haijaniuliza mimi ni nani." Na sidhani kama angeanza popote kwingine.

Sasa inavyofanya kazi. Unachagua kinachokusumbua muda huo, kwa mfano umekumbushwa tukio, una hasira, huwezi kulala, unajihisi uko mbali na watu, halafu inakuuliza hali yako iko ngapi kwenye kipimo cha 0 hadi 10. Ukijibu inakupa zoezi, ukimaliza inakuuliza tena iko ngapi sasa. Ukiweka namba ya juu kabisa inakuletea njia za kupata msaada wa haraka. Zoezi likikukubali unalipatia dole gumba, lisipokukubali unalikataa na linalofuata linakuja. Mazoezi ni ya kupumua, ya kukaza na kulegeza misuli, na yale ya kukurudisha ulipo, yaani unaambiwa angalia vitu vilivyo mbele yako, sikia miguu yako sakafuni, taja unachokiona. Usiku wa Julai 4, siku ya uhuru wa Marekani, fataki zikianza kaka huwa anakaa chini ukutani korido ya ndani, simu kifuani, sauti inamhesabia pumzi, na kwenye skrini kaweka picha za wanae kwa sababu programu inakuruhusu kuweka picha zako mwenyewe na muziki wako. Fataki hazikomi, ila yeye anaweza kurudi sebuleni kukaa na watoto, na zamani alikuwa anaondoka nyumbani kabisa.

Sehemu ambayo naona watu wanairuka na wasingepaswa ni ile ya kujipima. Humo kuna PCL-5, maswali 20 kuhusu dalili zako za mwezi mmoja uliopita, kila swali lina alama 0 hadi 4, kwa hiyo jumla inaweza kufika 80, na wataalamu wanasema ukifika kama 31 hadi 33 inafaa ukafanyiwe uchunguzi kamili. Namba peke yake haimaanishi una PTSD, hilo anasema mtaalamu baada ya kukaa na wewe, ila programu inatunza majibu yako na kuyachora uyaone yanavyopanda na kushuka. Mtu aliyezoea kusema "nipo poa" kila akiulizwa, akiona mstari wake mwenyewe unapanda miezi mitatu mfululizo hana wa kumbishia. Na akienda kwa daktari hana haja ya kuanza kutafuta maneno, anaonyesha simu.

Sasa inapoishia, na hapa naomba msome vizuri. Hii siyo tiba, na yenyewe inasema hivyo. Kupumua kunatuliza usiku mmoja, kile kilichotokea kule bado kipo vile vile kesho yake. Tiba zenye ushahidi mkubwa kwa PTSD ni zile za kuongea na mtaalamu kuhusu tukio lenyewe: ipo CPT, ambayo kwa kawaida ni vikao 12 vya kuchambua mawazo yaliyokwama baada ya tukio, kama "ni kosa langu mimi nimebaki hai," ipo ya kulikabili tukio hatua kwa hatua, vikao kama 8 hadi 15 vya dakika 90, na ipo EMDR, ambayo unalikumbuka tukio huku macho yako yakifuata kitu kinachosogea. Mwongozo wa tiba wa jeshi na maveterani wa Marekani wa mwaka 2023 unaziweka hizi mbele ya dawa. Dawa zinazopendekezwa zipo pia, kama sertraline, paroxetine na venlafaxine, ila zile za kutuliza za kundi la benzodiazepine mwongozo unazikataa kwa PTSD, na bado kuna watu wanazimeza kila usiku.

Hofu yangu ni hii. Kukwepa ni dalili mojawapo ya PTSD yenyewe, kukwepa sehemu, watu, kumbukumbu, na mtu anaweza kabisa kutumia mazoezi ya simu kama njia nyingine ya kukwepa, anatulia leo, anatulia kesho, miaka inaenda na hajawahi kukaa na mtu akamsimulia. Kaka alikaa hivyo muda mrefu, na alipojaribu kupata miadi hospitali moja, siitaji, walimsogeza mbele mpaka akakata tamaa. Kilichomtoa hapo ni Vet Center, vituo vya ushauri vya maveterani huko Marekani vilivyoanza mwaka 1979, viko kama 300, huduma ni bure kwa waliopita vitani na familia zao, na rekodi zao zinatunzwa mbali na zile za hospitali. Alienda na ile grafu yake mkononi. Vikao vilikuwa vizito, wiki za mwanzo alikuwa hapati usingizi kabisa, wala simfichi mtu hilo, lakini alimaliza.

Kuna mambo mengine watu hawaambiwi. Kwa kanuni zilizotokana na Sheria ya MISSION ya Marekani ya mwaka 2018, kama aliyejiandikisha na huduma za maveterani itamlazimu kuendesha zaidi ya dakika 30 kwa wastani, au kusubiri zaidi ya siku 20 kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, anaweza kutibiwa kwa daktari wa nje na wizara ikalipa. Na tangu Januari 17, 2023, veterani aliye kwenye hatari ya kujiua anaweza kuingia dharura ya hospitali yoyote bila kulipa, wengi wao hata kama hawajawahi kujiandikisha. Namba ya kupiga huko Marekani hali ikiwa mbaya, usiku au mchana, ni 988 kisha unabonyeza 1.

Lugha ndo inaniuma. Canada, Australia, Sweden, Ujerumani walitengeneza matoleo yao, ila Kiswahili hakimo. Kaka anasoma Kiingereza vizuri, mama yetu hasomi, na ni mama anayekaa naye mchana kutwa akijiuliza mwanangu kawaje. Ipo nyingine ya familia, PTSD Family Coach, nayo Kiingereza. Nimemsomea mama kurasa moja moja kwa mdomo na kila tukimaliza ana maswali mengi kuliko tulipoanza, kwa hiyo hamu ipo, ni maandishi ndo hayapo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ukiidaunlodi anza na yale maswali 20 kabla ya mazoezi, halafu rudia mwezi ukiisha. Na kama mtu wako bado yuko kazini, mtajie Brandon Act, sheria ya Marekani inayomruhusu kumwomba mkubwa wake apelekwe kufanyiwa uchunguzi wa afya ya akili muda wowote bila kueleza sababu, na mkubwa anapaswa kumpeleka.