Baiskeli au daladala: kwenda Amaan siku ya mechi kubwa

Hapa mjini Zanzibar, kutoka Darajani hadi Uwanja wa Amaan hazifiki kilomita 4. Siku ya kawaida daladala ni raha: unapanda, unamlipa konda, unashuka. Lakini ikija mechi kubwa ya Kombe la Mapinduzi, au mechi kama zile za CHAN (mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani) zilizochezwa hapo Agosti 2025, gari zinajaa mpaka mlangoni na foleni inaganda. Unasikia uwanja unashangilia nawe bado umekaa garini! Inauma.

Kwa hiyo mimi nachagua baiskeli. Njia haina milima, na foleni unaipita pembeni. Kazi ni kuiweka: ifunge kwa mnyororo na kufuli, ikiwezekana nyumbani kwa jamaa wa karibu, si kuiegemeza ukutani tu. Usiku washa taa, maana bodaboda hupita kwa kasi, na tafadhali usimpakie mtoto nyuma gizani.

Anayetoka mbali kama Makunduchi au Nungwi, au aliye na wazee, apande gari, ila aondoke mapema. Na wakati wa kurudi asichelewe, gari za shamba, yaani za kwenda vijijini, usiku ni chache.