Tahadhari kwa wenye magari ya kale ya Kiingereza: kuna mtu anauza raba bandia za breki

Ndugu zangu mnaotunza magari ya kale ya Kiingereza hapa Dodoma na mikoa ya jirani, ninaandika kuwatahadharisha kuhusu mtu anayejitangaza mitandaoni kuwa ni muuzaji wa spea halisi za MG, Triumph na magari mengine ya zamani kutoka Uingereza. Mtu huyo amenichukulia shilingi 1,480,000, na hasara hiyo pengine ningeimeza kimya kimya. Lakini miongoni mwa vitu alivyoniuzia zilikuwamo raba za breki, zile zinazoziba mafuta ya breki ndani ya silinda yasivuje, ambazo nusura zituue mimi na mpwa wangu kwenye mteremko wa Nyang'oro. Sitaji jina analolitumia kwa sababu jalada liko polisi, na kwa sababu tangu nimfahamu amekwisha kubadilisha jina na namba ya simu mara mbili. Nitaeleza namna anavyofanya kazi, ili hata akija kwa jina jingine mumtambue.

Gari langu ni MGB ya mwaka 1969, la viti viwili na paa la turubai, ambalo marehemu baba alilinunua mwaka 1978 kwa mhandisi Mwingereza aliyekuwa akirejea kwao. Sikulirithi ili liwe pambo la uani. Naliendesha kwenda Kondoa, Mpwapwa na Iringa, na kila baada ya safari ndefu tunakaa nalo gerejini Kizota, mimi na fundi wangu ambaye ni mzee wa makamo ya baba, tukikaza kilicholegea na kusawazisha kabureta zake mbili za SU. Anayetunza gari la namna hii anajua kwamba sehemu kubwa ya kazi si kufunga spea, ni kuipata. Spea ya Toyota utaikuta hata duka la pembeni mwa stendi, ilhali rota ya distributa ya MGB, kile kipande kinachozunguka na kugawa cheche kwenye plagi, hutaipata Dodoma nzima. Ni katika uhaba huo tapeli anapopenyea.

Nilimpata mwezi Januari kupitia tangazo lenye picha nzuri za masta silinda (ile inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedali), pampu za mafuta na rimu za spoki, zikiambatana na maneno kwamba mzigo ni wa mwisho na kwamba vitu hivyo havitengenezwi tena duniani. Nilimpigia. Anazungumza kwa adabu, anakuita mzee wangu, na ana ujuzi wa kutosha kumpumbaza mtu: aliniuliza kama gari langu lina overdraivu, na kama betri zake bado ni zile mbili za volti sita zinazokaa nyuma ya viti, maswali ambayo mtu asiyelijua gari hili hawezi kuyauliza. Nikaagiza plagi nne na mkanda wa feni kwa kumjaribu. Vilifika kwa basi katika stendi ya Nanenane baada ya siku tatu, vikiwa vizuri na kwa bei ya haki. Leo ninaelewa kwamba kifurushi hicho kilikuwa chambo, na kwamba yeye alikitazama kama gharama ya biashara.

Baada ya hapo nikamwamini na kuagiza mzigo mkubwa: raba zote za masta silinda ya breki, raba za silinda za magurudumu, rota, kondensa, na pampu ya petroli ya umeme. Nilituma fedha yote kabla ya kuona chochote. Vitu vilifika vikiwa ndani ya maboksi ya kijani na nyeupe yenye maandishi ya kampuni ya Kiingereza inayojulikana, na kwa macho yangu, ambayo yalikuwa yamekwisha kuamini, nikaona yametulia. Fundi aliyashika maboksi, akayanusa, akasema wino wake unatoka vidoleni. Nilimjibu kwamba huenda ni joto la safari. Namwomba radhi hadharani kwa jibu hilo.

Raba za breki zilifungwa siku ya Ijumaa, tukatoa upepo kwenye mafuta ya breki, pedali ikawa ngumu na nzuri. Jumanne iliyofuata mimi na mpwa wangu tukaenda Iringa, safari ya kilomita zipatazo 260 kupitia Mtera, na kwenda hakukuwa na tatizo lolote isipokuwa kwamba gari lilionekana zito kidogo, jambo nililodhani ni upepo. Tulirudi siku mbili baadaye. Wanaoifahamu barabara hiyo wanajua kwamba ukitoka Iringa kuelekea Migori unateremka mlima Nyang'oro kwa kona zinazofuatana, huku bonde la Mtera likionekana chini kabisa, na malori yaliyosheheni yakipanda taratibu upande wa pili. Tulipoanza kuteremka nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Gari lilikuwa linajizuia lenyewe ingawa mguu wangu haukuwa kwenye breki. Kabla sijaamua la kufanya, nilikanyaga pedali kwa ajili ya kona na ikazama hadi chini bila upinzani wowote.

Ni lazima nieleze hapa kwamba MGB za umri huu zilizouzwa Uingereza, kama langu, zina mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Ukishindwa, umeshindwa wote. Kilichobaki ni handibreki, ambayo inavuta dramu za nyuma kwa waya, pamoja na nguvu ya injini. Nilirudisha gia hadi ya pili, injini ikapiga kelele ambayo sitaisahau, nikavuta handibreki na kulielekeza gari kwenye mtaro wa upande wa mlima, ambako lilijikwaruza na kusimama. Mpwa wangu hakusema neno kwa muda mrefu. Dereva wa lori la vitunguu alisimama, akatutilia mawe kwenye magurudumu na kutupa maji ya kunywa, naye hakutaka hata shukrani ya soda.

Diski za mbele zilikuwa zimebadilika rangi kuwa buluu. Magurudumu hayakuzunguka hata tulipolisukuma gari kwa nguvu, lakini yule dereva alipoifungua kidogo nipeli, ile skrubu ya kutolea upepo, ya gurudumu moja la mbele, mafuta yakaruka nje kwa kishindo na gurudumu likawa huru papo hapo. Fundi alipoelezwa jambo hilo kwa simu, alijua tatizo kabla hajaliona gari. Ndani ya masta silinda kuna tundu dogo ambalo kupitia hilo mafuta hurudi kwenye kikombe cha akiba unapouachia mguu. Raba ikivimba, inaliziba tundu hilo, mafuta yanabaki yamebanwa, pedi zinaendelea kugusa diski, joto linapanda, mafuta yanavimba zaidi na kuzidi kubana, hadi mwishoni yanachemka. Mafuta yaliyochemka ni mvuke, na mvuke ukiukanyaga unasinyaa tu, hausukumi chochote. Ndiyo maana breki zilianza kwa kushika zenyewe zikaishia kwa kutokuwapo.

Sikutaka kumshutumu mtu kwa dhana, kwa kuwa raba za breki huvimba pia pale mtu anapochanganya mafuta ya injini au ya stelingi kwenye kikombe cha breki, na kosa hilo lingekuwa letu. Kwa hiyo tulifanya jaribio. Katika sanduku la baba kulikuwa na raba moja ya zamani ambayo haijatumika. Fundi aliiweka kwenye chupa ya kioo pamoja na raba moja ya tapeli iliyosalia, akamimina mafuta mapya ya breki kutoka kopo lilelile tulilolitumia, akaiacha chupa juu ya bati juani kwa siku tatu. Raba ya baba ilitoka kama ilivyoingia. Ile nyingine ilikuwa laini kama mkate uliolowa, na imenenepa kiasi kwamba haikuweza tena kuingia kwenye silinda. Mafuta ya breki ya kawaida, yale ya DOT 3 na DOT 4, yanahitaji raba inayoyastahimili, kama vile raba ya asili au aina maalumu ya raba inayoitwa EPDM. Raba zinazostahimili petroli na mafuta ya injini haziyawezi, hata zikichongwa kwa umbo lilelile. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Jaribio hilo la chupa halina gharama, nami ninawasihi mlifanye kwa kila raba ya breki kabla haijafungwa, hata kama muuzaji ni ndugu yenu wa damu.

Vitu vingine nilivyouziwa sitavirefusha. Rota ilikuwa na ribiti ndefu kupita kiasi katikati, na inapopata moto cheche huitoboa plastiki na kuishia kwenye shafti, injini inazimika barabarani bila onyo. Kondensa ilikufa baada ya wiki moja. Pampu ya petroli haikuwahi kutoa ule mlio wa tik-tik unaousikia unapofungua swichi asubuhi, na nati zake zilikuwa za milimita, wakati gari hili limefungwa kwa bolti za inchi. Spana za baba hazikukamata hata moja.

Nilipomdai, hakukana. Alisema amesikitika mno, na kwamba ameniletea mzigo wa fidia kutoka Uingereza ambao umezuiliwa forodha Dar es Salaam, hivyo nitume shilingi 310,000 za ushuru kwa namba ya simu ya afisa anayeshughulikia. Katika hali niliyokuwamo nilituma, nayo imo katika jumla niliyoitaja mwanzoni. Kesho yake akataka nyingine za ghala. Hapo ndipo nilipozinduka, kwa kuwa malipo ya serikali katika nchi yetu hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroli namba, ambayo inaonyesha jina la taasisi unapoiingiza. Hakuna ushuru wa forodha unaotumwa kwenye simu ya mtu binafsi mwenye jina la ukoo wake.

Kuhusu dai lake kwamba spea hizi zimekwisha duniani, ambalo ndilo linalotufanya tukimbilie kulipa, si kweli hata kidogo. MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, na zilitoka zaidi ya 500,000. Zilizobaki ni nyingi kiasi kwamba tangu mwaka 1988 hata bodi zake nzima zimekuwa zikitengenezwa upya Uingereza kwa kutumia mitambo ya asili. Raba ya breki ya gari hili ni kitu cha kawaida kabisa huko, na mwenye duka la kweli atakupa namba ya spea, atakupa risiti, na hatakuharakisha. Mtu akikuambia kimebaki kimoja na kuna mwingine anakitaka jioni hii, mwache huyo mwingine akichukue. Vilevile mwombe muuzaji akupigie picha ya kitu chenyewe kikiwa juu ya gazeti la siku hiyo. Mimi niliomba baadaye, nikajibiwa kwamba kamera ya simu imeharibika, na simu hiyohiyo ilinitumia picha tatu za matangazo saa moja baadaye.

Waliokwisha kununua kwake wasifunge kitu chochote cha breki, na waliokwisha kufunga wasiondoke na gari hata hadi sokoni. Dalili ya kwanza ni gari kuwa zito; ukisimama mahali tambarare, ukaweka gia huru na gari likagoma kusogea kwa kusukumwa na mtu mmoja, usiliendeshe. Hifadhini ujumbe wote na kumbukumbu za miamala, msivifute kwa hasira. Mkatoe taarifa polisi mpate namba ya RB, kwa kuwa udanganyifu wa namna hii unaangukia pia katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015; ujumbe wa kitapeli utumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na suala la maboksi yenye chapa ya kughushi lifikishwe Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia. Nimefanya yote matatu. Fedha haijarudi, ila jalada lina nguvu zaidi tukiwa wengi, na hadi sasa wamejitokeza wenzangu wawili, mmoja wa Singida na mwingine wa Morogoro, ambao waliuziwa kwa maneno yaleyale.

Chupa yenye zile raba mbili iko gerejini Kizota, na fundi ataionyesha kwa yeyote anayetaka kulinganisha na alizo nazo. Fanyeni hivyo mapema, kwa kuwa juzi mpwa wangu amenionyesha tangazo jipya, lenye jina la mwanamke na namba nisiyoijua, likiuza raba za breki za MGB na za Midget, gari jingine dogo la MG, kwa nusu bei, na picha yake ni ileile niliyoiona mwezi Januari, hadi kidole gumba kilichojitokeza kwenye kona ya chini.