Rekodi za redio za Bob Uecker: sikiliza hata kama besiboli huijui

Hizi rekodi za zamani za mechi za Milwaukee Brewers, timu ya besiboli ya Marekani, zimejaa mtandaoni, sauti tupu hakuna picha, mtangazaji Bob Uecker, na mimi nazipa nyota nne na nusu, hiyo nusu iliyokatwa nitaisema.

Kwanza mjue huyu mzee ni nani. Mtoto wa Milwaukee hapo hapo, kazaliwa 1934, akacheza ligi kuu ya Marekani 1962 mpaka 1967 kama mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na tuseme ukweli uwanjani hakuwa mtu wa kutisha 😂 Wastani wake wa kupiga ni .200, yaani akienda na gongo mara tano anafanikiwa moja, na miaka yote hiyo mipira aliyoitoa nje ya uwanja ni 14 tu (ila mmoja aliupiga ukirushwa na Sandy Koufax, mrushaji wa kuogopwa kweli kweli, kwa hiyo tumheshimu kidogo). 1964 timu yake, St. Louis Cardinals, wanabeba ubingwa yeye fainali zote yuko benchi, alichokifanya ni kuchukua tuba la bendi, lile tarumbeta kubwa lenye mdomo mpana, kabla ya mechi akawa anadakia mipira humo.

Sasa utamu wa utangazaji wake unatokea hapo hapo. Mastaa wengi wakipewa maiki wanaanza kuponda vijana, huyu angemponda nani wakati makosa yote alishayafanya yeye? 1967 kule Atlanta alikuwa anamdakia Phil Niekro, yule wa kurusha mpira usiozunguka, unayumba tu hewani hata aliyeurusha hajui utaishia wapi, na Uecker akaongoza ligi kwa mipira iliyompita, 27. Ushauri wake baadaye kuhusu kuudaka: subiri uache kubingirika, halafu nenda kauokote.

Redio ya Brewers alianza 1971 akatangaza mpaka 2024, misimu 54, na humo katikati Johnny Carson, yule wa shoo ya usiku ya tivii Marekani, anamwita kwenye shoo yake kila saa, matangazo ya bia, vichekesho vya tivii, 2003 akapewa tuzo ya Ford C. Frick ambayo ndo kubwa kwa watangazaji wa besiboli. Angeweza kuhamia mji mkubwa zaidi, hakuhama.

Sauti yenyewe aisee. Mpira ukipigwa juu anauamrisha uinuke, uinuke, utoke humo, na kelele za mashabiki zinapanda pamoja naye mpaka hujui nani kamzidi mwenzie. Huhitaji picha, na bando haliliwi.

Hiyo nusu nyota: rekodi nyingi zina mikwaruzo na waliozipakia wamezikata kata vibaya, unafika pazuri inaisha. Halafu mechi ikishakuwa ya upande mmoja mzee anaachana nayo anaanza stori za kuvua samaki, kama wewe ni mtu wa takwimu utakereka, mimi ndo kwanza naongeza sauti.

Msianze na ile ya Oktoba 3, 2024 na timu ya Mets, ndo ya mwisho kwake kabla hajafariki Januari 2025 akiwa na miaka 90, na Brewers waliongoza 2-0 mpaka awamu ya tisa, ile ya mwisho, Pete Alonso wa Mets akaja kuharibu kila kitu. Tafuteni kwanza zile Brewers wanapigwa vibaya tangu mapema, stori zote nzuri ziko humo.