Ekstensheni ya pampu ya kisimani, mita 25, iliyotengenezwa Langoni, Lamu

Nimekaa nayo miezi saba sasa. Ni waya mzito wa mpira mweusi wenye nyaya tatu za unene wa milimita mraba 2.5 ndani. Kichwani ina plagi yenye kikata-stima chake, kile ambacho mafundi hukiita RCD, na mwishoni soketi moja tu yenye kifuniko cha kuzuia maji. Nilitengenezewa na kijana mwenye kibanda cha vifaa vya stima huku Langoni, nikalipa shilingi 9,400 pamoja na ufundi. Siku ile bei iliniuma, kwa kuwa ile ya kwanza niliinunua kwa chini ya robo ya hiyo.

Nyumba yangu iko mtaa wa Mkomani, ya mawe, ya kizamani, na kisima kiko uani. Maji yake yana chumvi kidogo. Hatuyanywi, lakini ndiyo ya kuogea, kufulia na vyooni, na nina vyumba vitatu vya wageni. Kila alasiri tunashusha pampu ya wati 750 ijaze tangi la darini. Soketi iliyo karibu iko jikoni, mbali na kisima, kwa hiyo bila ekstensheni tangi halijai.

Ile ya kwanza ilitoka duka moja hapa mjini. Ilikuwa ya rangi ya chungwa, imezungushwa kwenye gurudumu la plastiki, karatasi yake imeandikwa ampea 13, na plagi yake ina pini tatu. Pini tatu hizo ndizo zilizonipa imani. Pampu ikiwashwa ilinguruma kwanza kama iliyokabwa koo, ndipo ianze kuvuta, na ukiweka kiganja juu ya gurudumu ulisikia moto. Nikadhani ni stima ya jioni tu iliyo dhaifu.

Alasiri moja mpwa wangu, kijana wa miaka 19, aliinama kuivuta pampu juu ilhali inazunguka. Alikuwa peku, na ukingo wa kisima umelowa. Aliposhika mpini wa chuma mkono ulimkaza, akapiga ukelele mmoja, akaanguka chali. Kule kuanguka ndiko kulikomwachanisha na pampu. Nilikimbia kuchomoa plagi huku natetemeka mwili mzima. Alhamdulillahi, alipona, ila mkono ulimfa ganzi mpaka usiku.

Kesho yake nilimwita fundi. Alifungua ile plagi mbele yangu, skrubu moja, akaisogeza mlangoni penye mwanga ili nione mwenyewe. Waya wa kahawia ulikuwa kwenye fyuzi, wa buluu upande wa pili. Kwenye ile pini ndefu ya juu, ya arthi, hapakuwa na kitu. Skrubu yake haikuwahi kukazwa, imeota kutu ya kijani. Akakata waya katikati kwa koleo: ndani mlikuwa na nyaya mbili tu, kila mmoja mwembamba.

“Mama, pini hii ni pambo,” akaniambia. “Stima ikivuja kwenye pampu haina njia ya kushukia ila kupitia kwa mtu.”

Nikamwuliza, na fyuzi je, mwanangu? Akanieleza jambo ambalo sikuwa nalijua kwa umri wangu wote. Fyuzi ya ampea 13 inalinda waya usiungue. Mwili wa binadamu unaweza kuuawa na makumi tu ya miliampea, na ampea 13 ni miliampea 13,000. Mtu atakuwa amekwisha na fyuzi iko nzima. RCD inafanya kazi nyingine: inalinganisha stima inayotoka na inayorudi, na zikitofautiana kwa miliampea 30 inakata, chini ya nusu sekunde.

Kuhusu unene alinipigia hesabu nyuma ya risiti. Pampu kama yangu ikishazunguka inakula kama ampea 5, lakini pale inapoanza huvuta mara tano au sita ya hapo. Mita 30 za waya mwembamba wa 0.75, kama ule wa zamani, hupoteza kama volti 40 katika mkupuo huo. Mita 25 za 2.5 hupoteza kama 10. Ule mngurumo niliouzoea ulikuwa mota inayoshindwa kuanza. Alisema ya 1.5 ingetosha kwa umbali wangu, lakini kwa stima yetu ya wakati wa magharibi, nyumba zote zikiwa zimewasha taa na feni, nilichagua nene. Kabla ya kukata kipande changu alikwangua uzi mmoja kwa wembe, akanionyesha ni mwekundu mpaka ndani. Zipo zinazouzwa ambazo ni alumini iliyopakwa shaba. Ukizikwangua zinatoa weupe.

Siku ya kwanza ekstensheni mpya ilinikasirisha. Nilichomeka pampu, tak, ikakata. Nikaiwasha tena, tak. Nikampigia simu kijana wa watu kwa maneno ambayo baadaye nilimwomba radhi. Yeye akasema kwa upole, “Chomeka pasi kwanza, mama.” Pasi ilipata moto bila tatizo. Alipokuja na mashine yake ya kupimia aliiweka kwenye nyaya za pampu, na jibu likawa baya sana: mpira unaozuia maji yasiingie kwenye mota ulikuwa umelika, mota ina maji ndani. Yaani pampu ilikuwa inavujisha stima siku zote zile, na ekstensheni ya zamani ilikuwa inanyamaza. Hapo ndipo shilingi 9,400 zilipoacha kuniuma. Pampu ilibadilishwa mpira na mafuta, ikapimwa tena, na tangu hapo RCD haijakata bila sababu hata siku moja.

Kasoro ninazo za kusema. Ni nzito, kama kilo sita, na mtu mzima kama mimi kuibeba kutoka jikoni kila siku ni kazi. Stima ikipotea ikarudi, na hapa kwetu hupotea, RCD haijiwashi. Lazima mtu aende abonyeze. Mara mbili nimeamka tangi tupu kwa ajili hiyo. Hata hivyo nisingetaka ijiwashe, maana kipindi cha giza ndicho mtu anapoamua kuivuta pampu atazame ina nini. Na soketi moja ni moja, lakini hili nalishukuru, kwa sababu mgeni hawezi kuja kuchomeka simu yake karibu na kisima.

Namna ninavyoitumia: inakunjuliwa yote, hata nikihitaji nusu yake, kwa sababu waya ukiachwa umejiviringisha unahifadhi joto. Inapita kwenye misumari ukutani juu ya kichwa cha mtu. Pale inapokutana na waya wa pampu pana kidaka kwenye ukuta, kimo cha kifua, na soketi hukaa humo kavu, waya ukiwa umeachwa uning’inie tumbo chini yake ili tone likishuka liishie tumboni, lisipande kwenye soketi. Mkutano huo haujawahi kugusa sakafu wala kuingia kisimani. Pampu yenyewe inaning’inia kwa kamba ya nailoni, kwa waya wake kamwe. Kila Ijumaa nabonyeza kitufe cha kujaribia. Kisipokata, pampu haishuki. Pini nazifuta kwa kitambaa kikavu kila wiki, maana upepo wa bahari haumwachi mtu na chuma chake.

Fundi mwenyewe hakunificha kwamba ekstensheni si kitu cha kudumu. Laini ya kisima inatakiwa iwe yake peke yake, kwenye bomba la nyaya ukutani, na swichi yake na RCD yake kwenye boksi la stima. Hiyo naiwekea akiba, nataraji kabla ya wageni wa Maulidi. Mpaka hapo hii inanitosha, na majirani wawili wameshakwenda kwake kutengenezewa kama yangu.

Mpwa wangu bado ndiye anayeivuta pampu. Kwanza anakwenda jikoni kuchomoa plagi, anaileta kisimani na kujitupia begani, ikining’inia kifuani mahali anapoiona, ndipo anapoishika kamba.